Mvumaji na Ua Lake

Mwaka 1851, London ilipofurika wageni wa Maonyesho Makuu, mchoraji na mtaalamu wa ndege John Gould alifungua banda lake ndani ya bustani ya wanyama ya Regent's Park. Humo alipanga katika makabati ya vioo mamia ya ndege wavumaji waliokaushwa, wadogo kupita kiasi, manyoya yao yakimeta kama vito kila mtazamaji alipobadili mahali pa kusimama. Watu zaidi ya 75,000 walilipa kiingilio, na Malkia Victoria naye alikwenda kuwaona. Gould alikuwa ameshaanza kutoa, fungu baada ya fungu, kitabu kikubwa kuhusu ndege hao, lakini hakuwa amemwona hata mmoja akiwa hai. Wa kwanza alimwona mwaka 1857, aliposafiri mpaka Philadelphia nchini Marekani.

Kazi ya Gould inaheshimiwa mpaka leo, na inastahili. Hata hivyo, ndege wale wa vioo walikosa maua yao, na habari ya mvumaji bila ua ni nusu ya habari. Mdomo wake, ulimi wake, uwezo wake wa kubaki akining'inia hewani mbawa zikipiga makumi ya mara kwa sekunde, moyo unaoweza kudunda zaidi ya mara 1,000 kwa dakika: hakuna kimoja kati ya hivi kinachoeleweka ukimtenga na mimea inayomlisha. Mimea hiyo nayo haieleweki bila yeye. Binadamu amelifahamu jambo hili polepole mno, na mara nyingi waliolikaribia zaidi ni wale waliokaa chini kando ya ua na kungoja.

Kwetu Afrika mvumaji hayupo. Wengi tulimsikia kupitia hadithi aliyopenda kuisimulia Profesa Wangari Maathai, ya ndege mdogo anayebeba maji tone kwa tone mdomoni ili kuuzima msitu unaoungua. Tunaye chozi, anayening'inia kwenye ua la mgomba na kunyonya utamu wake, na watu wengi humdhani kuwa ndiye mvumaji. Si ndugu hao. Chozi ni wa upande wa shomoro na kunguru, ilhali mvumaji ni jamaa wa teleka, yule ndege wa mbawa nyembamba anayeshinda angani akinasa wadudu. Kufanana kwa chozi na mvumaji kumeletwa na kazi wanayoifanya.

Kazi yenyewe ni ya kale sana. Huko Messel, Ujerumani, kulipatikana kisukuku cha ndege wa miaka milioni 47 iliyopita, Pumiliornis tessellatus, na tumboni mwake mlikuwa na chembe za chavua. Hakuna ushahidi mkongwe zaidi ya huo wa ndege kutembelea maua. Mwaka 2004 mwanasayansi Mjerumani Gerald Mayr alitangaza jambo lililowashangaza wengi zaidi: visukuku vya wavumaji wenye umri wa miaka takriban milioni 30, vilivyotoka Frauenweiler, kusini mwa Heidelberg. Kumbe babu zao waliwahi kuishi Ulaya! Leo hawapo popote isipokuwa bara la Amerika na visiwa vyake. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wavumaji wote walio hai wanatokana na mzazi mmoja aliyeishi Amerika Kusini miaka kama milioni 22 iliyopita. Kutoka hapo wamezaliwa spishi zipatazo 360, kuanzia yule wa Kuba mwenye uzito wa gramu 2 hivi mpaka jitu la milima ya Andes lenye gramu 20.

Watu wa bara hilo hawakuhitaji makabati ya vioo. Wanazca wa Peru walimchora katika ardhi ya jangwa, mdomo mrefu ukiwa umenyooshwa, na mchoro huo una urefu wa mita zipatazo 90. Waazteki, waliojenga jiji lao la Tenochtitlan mwaka 1325, walimhusisha na Huitzilopochtli, mungu wao wa vita na jua. Mafundi wao wa manyoya walitengeneza mavazi na ngao kwa manyoya yake. Katika karne ya 16 mtawa Mhispania Bernardino de Sahagún aliketi na wazee wa Kinahua na kuandika waliyomwambia, kwa lugha yao wenyewe. Walimweleza kwamba mashujaa waliokufa vitani hulisindikiza jua kwa miaka minne, kisha hugeuka ndege hao na vipepeo, wakaishi kwa kunyonya maua. Walimweleza pia kwamba kiangazi mvumaji huchomeka mdomo wake kwenye mti, akanywea na kukauka, na mvua zinapoanza hufufuka.

Maneno hayo ya mwisho yanasikika kama ngano, lakini ndani yake kuna mtu aliyetazama kwa makini. Mvumaji hula mara kwa mara mchana kutwa kwa sababu mwili wake unachoma sukari kwa kasi kubwa, na usiku wa baridi, asipoweza kula, huzima. Joto la mwili hushuka, moyo hupunguza mwendo, naye hukaa tawini kama mfu. Mwaka 2020 watafiti waliofanya kazi katika Andes ya Peru walieleza kuhusu mvumaji mmoja ambaye joto la mwili wake lilishuka chini ya nyuzi 4 za Selsiasi, akaamka asubuhi na kuruka zake. Wazee wa Sahagún walikosea kuhusu muda wa usingizi huo. Kuhusu usingizi wenyewe walikuwa sahihi karne nyingi kabla ya vipimajoto.

Wazungu waliofika Amerika walimwandika tangu mapema. Oviedo, mwandishi wa habari za makoloni ya Hispania, alimtaja katika miaka ya 1520. Mwaka 1705 Maria Sibylla Merian, aliyekwenda Suriname kuchora wadudu na mimea mahali inapoishi, alichapisha picha ya buibui mkubwa akimla mvumaji juu ya mpera. Kisha akaja Mark Catesby na kitabu chake cha wanyama na mimea ya Carolina, kilichoanza kutoka mwaka 1729. Katika ukurasa mmoja alimweka mvumaji wa koo jekundu pamoja na mmea utambaao wenye maua ya rangi ya moto yaliyo kama tarumbeta. Nafikiri ukurasa huo haupewi sifa unayostahili. Ndege yule na ua lile ni washirika hasa, na Catesby, aliyekuwa ametembea katika misitu ile, aliwaweka pamoja wakati Ulaya ikiwa bado inabishana kama mimea ina uke na uume.

Ubishi huo ulikuwa na sababu. Ilikuwa mwaka 1694 tu ambapo Rudolf Jakob Camerarius wa Tübingen alionyesha kwa majaribio kwamba mimea mingi haizai mbegu bila chavua. Mwaka 1793 mwalimu Mjerumani Christian Konrad Sprengel alichapisha kitabu cha uchunguzi wake wa mamia ya maua, akieleza kwamba rangi, harufu, mistari ya petali na mbochi, yaani yale maji matamu ya ndani, vyote vipo kwa ajili ya kumleta mdudu abebe chavua. Kitabu hakikupokewa vizuri. Sprengel alifariki mwaka 1816, na heshima aliyostahili ilimjia baadaye kupitia Charles Darwin.

Darwin mwenyewe alifanya majaribio yake kwa mimea aliyoweza kuiotesha Uingereza, ambako hakuna mvumaji. Kuhusu ndege ilimbidi ategemee barua na vitabu vya watu waliokuwa wanaishi nao. Mmoja alikuwa Fritz Müller, Mjerumani aliyehamia kusini mwa Brazil, ambaye aliona kwamba baadhi ya mimea ya Abutilon haizai mbegu kama wavumaji hawajaitembelea. Mwingine alikuwa Thomas Belt, mhandisi wa machimbo ya dhahabu nchini Nicaragua. Katika kitabu chake cha mwaka 1874 alieleza mmea wa Marcgravia ambao maua yake hupangwa kwa duara yakielekea chini, na chini yake kuning'inia vikombe vya mbochi. Ndege hana budi kuja kwenye vikombe, na akija maua humpaka chavua mwilini. Wakati huohuo Federico Delpino wa Italia alikuwa akiyagawa maua katika makundi kwa kufuata wageni wao, na maua ya ndege akayapa kundi lao.

Miaka hiyohiyo London na Paris zilikuwa zinanunua ngozi za wavumaji kwa vifurushi ili kupamba kofia za wanawake. Ni vigumu kuisoma habari hiyo bila uchungu. Nchini Marekani biashara ya manyoya ya ndege wa porini ilibanwa kwa sheria ya mwaka 1900, kisha ile ya mwaka 1918 ya kuwalinda ndege wahamao.

Tabia za ua la mvumaji ziliandikwa vizuri katika karne ya 20, na hapa wanandoa wawili wa California wana nafasi ya pekee. Verne na Karen Grant walichapisha mwaka 1968 kitabu kuhusu wavumaji na maua yao, matokeo ya kuzunguka milimani na jangwani Marekani ya magharibi. Ua la aina hii mara nyingi ni bomba refu. Halina mahali pa mdudu kutua, kwa kuwa mgeni wake hunywa akiwa angani. Mara nyingi hutazama pembeni au huning'inia. Stameni na stigma hutokeza nje au hukaa mahali ambapo zitagusa paji la uso, kidevu au mdomo wa ndege. Harufu halina, au ni hafifu mno. Kuta zake ni imara na vijiyai vya mbegu vimekaa mbali na ncha ya mdomo mgumu. Tena mara nyingi ni jekundu.

Ndani ya bomba hilo kuna mbochi mwepesi. Herbert na Irene Baker, waliopima mbochi wa mimea mingi wakiwa Berkeley, waligundua kwamba maua ya wavumaji hutoa zaidi sukrosi, ile sukari tunayotia kwenye chai, na kiasi chake kwa kawaida ni kama asilimia 20 hadi 25 ya mbochi wote. Kwa nyuki huo ni utamu hafifu, kwani yeye hupenda mzito zaidi. Kwa mvumaji unafaa: kilicho chepesi hupanda ulimini haraka, na anayenyonya akiwa anaruka hana wakati wa kupoteza. Ua pia halimshibishi. Humpa kidogo tu, ili aende la pili, la tatu, la mia, akibeba chavua njiani.

Maswali mawili yalibaki: anaonjaje utamu, na anaunyonyaje? La kwanza lina mshangao wake. Ndege wamepoteza jeni moja ambayo wanyama wengine huitumia kuhisi sukari, kwa hiyo kuku haujui utamu kama tunavyoujua sisi. Mwaka 2014 Maude Baldwin na wenzake walionyesha kwamba kwa wavumaji kihisio kilichokuwa cha ladha ya nyama, kile ambacho jamaa zao wanaokula wadudu bado wanacho, kimebadilika kikawa kinahisi sukari. Kuhusu kunyonya, tangu mwaka 1833 vitabu vilirudia kwamba mbochi hupanda wenyewe katika mifereji ya ulimi. Mwaka 2011 Alejandro Rico-Guevara na Margaret Rubega walipiga picha za mwendo wa kasi na kukuta kitu tofauti. Ncha ya ulimi imegawanyika mara mbili na ina vishada pembeni. Ikizama vishada hufunguka, ikitoka hujikunja na kufungia tone ndani. Maelezo yasiyo kamili yalikuwa yamekaa vitabuni karibu miaka 180 kwa sababu hakuna aliyekuwa ametazama ndani ya ua wakati ndege anakunywa.

Sasa wekundu. Hapa ndipo palipo na kosa linalopendwa kuliko yote, kwamba mvumaji huzaliwa akipenda nyekundu. Katika miaka ya 1940 Frank Bené aliwajaribu wavumaji wa Arizona kwa maji ya sukari ya rangi mbalimbali. Aliona kwamba hufuata rangi yoyote waliyojifunza kuwa ina chakula kizuri, na hubadilika chakula kikihama. Kumbukumbu zao zinatisha. Mwaka 2006 watafiti katika milima ya Alberta, Kanada, waliweka maua bandia manane, mengine yakijazwa tena baada ya dakika 10 na mengine baada ya dakika 20. Wavumaji walijifunza ratiba ya kila moja.

Basi kwa nini nyekundu? Sehemu ya jibu iko kwa nyuki. Karl von Frisch alionyesha mwaka 1914 kwamba nyuki huona rangi, lakini nyekundu huichanganya na kijivu cha giza. Ua jekundu katikati ya majani ya kijani humkawiza. Kwa hiyo rangi hiyo, kwa kiasi kikubwa, ni njia ya kulificha ghala machoni pa mteja asiyetakiwa. Karen Grant aliongeza hoja nyingine mwaka 1966: ndege wahamao hupita nchi baada ya nchi, na mimea mingi ikitumia alama moja, mgeni mwenye njaa hujua pa kuanzia.

Majaribio mazuri zaidi juu ya hili yalifanywa Sierra Nevada na Douglas Schemske na Toby Bradshaw. Huko kuna mimea miwili ndugu. Mimulus lewisii ina maua ya waridi yaliyotandazika na huchavushwa na nyuki. Mimulus cardinalis ina maua mekundu, membamba, yenye mbochi tele, na mchavushaji wake ni mvumaji. Waliichanganya, wakaotesha wajukuu waliotofautiana kwa kila namna, wakakaa kuhesabu wageni. Matokeo ya mwaka 1999 yananivutia kila niyasomapo: aina moja ya jeni inayoongeza rangi ya manjano katika petali ilipunguza ujio wa nyuki kwa asilimia 80, na jeni nyingine iliyoongeza mbochi ilizidisha ujio wa wavumaji mara mbili. Rangi ilifukuza, mbochi ukavuta. Mwaka 2003 walisogea mbele, wakabadilishana kati ya mimea hiyo kipande kimoja tu cha vinasaba kinachohusu rangi. Lewisii iliyogeuka rangi ya chungwa ilipata wavumaji mara 68 zaidi ya kawaida, na cardinalis iliyogeuka waridi ikapata nyuki mara 74 zaidi. Kumbe hatua moja ya rangi yaweza kufungua mlango kwa ndege na kuufunga kwa nyuki.

Nasi tunaotazama hatuoni yote. Jicho la mvumaji lina aina nne za chembe za rangi, moja zaidi ya letu, na huona mpaka urujuanimno. Mwaka 2020 Mary Stoddard na wenzake waliweka taa milimani Colorado, nyingine za kijani kitupu na nyingine za kijani kilichochanganywa na urujuanimno. Kwetu sisi zilikuwa sawa. Ndege wa porini walizitofautisha, wakaenda kwenye iliyokuwa na maji ya sukari. Kwa hiyo hata neno nyekundu katika makala hii ni la macho yetu.

Umbo nalo lina hadithi, na kisa ninachokipenda kinatoka visiwa vya Karibi. Mvumaji mmoja wa huko, Eulampis jugularis, ana dume mkubwa mwenye mdomo mfupi na jike mwenye mdomo mrefu zaidi, uliopinda. Ethan Temeles alifika St. Lucia na kukuta dume akilinda Heliconia caribaea, yenye maua mafupi na mbochi mwingi, huku jike akifukuzwa na kuitegemea Heliconia bihai, ambayo maua yake ni marefu na yamepinda kama mdomo wake. Ndege wa spishi moja, mume na mke, kila mmoja amechongwa na ua lake. Huko Andes jambo hili limefika ukingoni: mvumaji Ensifera ensifera ana mdomo mrefu kuliko mwili wake, naye huchavusha jamaa wa mpasheni ambao bomba la ua lao hupita sentimita 10.

Makubaliano haya yana wezi. Kuna wadudu na hata ndege wanaotoboa bomba kwa nyuma na kunywa bila kugusa chavua. Kuna pia utitiri mdogo anayeishi ndani ya maua, anayekula chavua na kunywa mbochi. Robert Colwell aliwafuatilia kwa miaka mingi na kueleza safari yao: ndege anapoingiza mdomo, utitiri hukimbia juu yake na kujificha katika tundu la pua, kisha hushuka kwenye ua la aina yake. Ana sekunde chache tu za kukimbia.

Linalotia wasiwasi leo ni kalenda. Karibu na Gothic, Colorado, kuna kituo cha utafiti ambako tarehe za kuchanua na za kuwasili ndege zimeandikwa kwa makumi ya miaka. Theluji inayeyuka mapema, na maua ya kwanza yanachanua mapema zaidi. Wavumaji wanaorudi kutoka Mexico hawajaharakisha kwa kiwango hicho, na muda kati ya kuwasili kwao na kuchanua kwa maua hayo umepungua: wanakaribia kuchelewa.

Mkutano wa ua na mvumaji umefika hadi mezani petu bila sisi kujua. Nanasi, lenye asili ya Amerika Kusini, huchavushwa na wavumaji. Halijichavushi, na shamba la aina moja tupu halizai mbegu. Lakini aina zikichanganyika na mvumaji akapita, tunda hujaa mbegu ngumu. Ndiyo maana Hawaii, iliyotegemea sana kilimo cha nanasi, inakataza kuingiza wavumaji visiwani.

Mimea yetu pia imevuka bahari. Upo mmea wa jamii ya mnanaa unaoota pembezoni mwa njia na mashamba Afrika Mashariki, Leonotis nepetifolia, wenye mafundo ya miiba yaliyozungukwa na maua marefu ya rangi ya chungwa. Chozi huutembelea. Umeenea hadi Karibi na Brazil, na huko wavumaji, ambao jamaa zao wote wa leo hawajawahi kuliona bara hili, huingiza mdomo katika bomba lake na kunywa. Hivyo hivyo hufanya katika bustani za California kwenye mishubiri iliyotolewa Afrika, wakiwa angani, mahali ambapo chozi angetua kwenye shina la ua.